Nani Alimwambukiza Ngamia wa Kwanza?



Katika safari ya tabligh huko Kitura, wilayani Mbinga, tuliketi barazani baada ya sala ya Alasiri, watu wapatao kumi na wawili. Baadhi yao walikuwa ndugu zetu waliokwisha kuingia katika Jamaat, na wengine walikuwa watafutaji wa haki ambao bado wanapima na kulinganisha. Tulikuwa tukizungumza juu ya dalili za kuja kwa Masihi Aliyeahidiwa a.s., na kwa kuwa miongoni mwa dalili hizo imo tauni, mazungumzo yakahama yenyewe yakafika kwenye korona. Hapo kijana mmoja mkulima wa kahawa, Mkristo mwenye adabu na akili ya kupambanua mambo, akaniuliza: “Sheikh, waliokufa wamekufa, Mungu awarehemu. Mataifa makubwa hata leo yanabishana kama ugonjwa ule ulitoka sokoni au ulitoka maabara. Hebu tuseme wamejua. Itatufaa nini? Watawekeana vikwazo, pengine watapigana, na sisi wa huku ndio tutakaokosa mbolea na bei ya kahawa. Je, si afadhali jambo hili lingeachwa likalala?”

Wengi pale barazani walikubaliana naye. Mzee mmoja tu, mvuvi wa zamani aliyehamia milimani kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, alikaa kimya akichora chini kwa fimbo yake. Kimya chake nitakirudia, maana ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Siku ile nilimjibu kijana kwa ufupi tu, na jibu langu, sina budi kukiri, halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Sasa namjibu kwa kirefu, na pamoja naye nakujibu wewe msomaji ambaye huenda una swali hilo hilo moyoni.

Kwanza tusimdharau mwulizaji. Hofu yake ina ushahidi. Tarehe 24 Novemba 2021 wataalamu wa Afrika Kusini waliujulisha ulimwengu kwamba wamegundua namna mpya ya kirusi cha korona, ile iliyopewa baadaye jina la Omicron. Walifanya kazi yao kwa uaminifu na kwa haraka. Malipo yao yalikuwa nini? Wiki haikupita kabla Marekani, Uingereza na nchi nyingi za Ulaya hazijawafungia milango watu wa kusini mwa Afrika. Malawi, majirani zetu wa ng’ambo ya ziwa, na Msumbiji, majirani zetu wa ng’ambo ya mto Ruvuma, nao wakatiwa katika orodha hiyo. Punde ikajulikana kwamba huko Uholanzi kirusi hicho kilikuwamo katika vipimo vilivyochukuliwa kabla ya tangazo lile kutolewa. Lakini milango haikufunguliwa kwa ajili hiyo. Kadhalika, mwezi wa Aprili 2020 serikali ya Australia ilitaka ufanywe uchunguzi huru juu ya chanzo cha korona, na mwezi uliofuata China ikaitoza shayiri ya Australia ushuru uliozidi asilimia 80. China yenyewe ilitaja sababu za kibiashara, lakini wakulima wa shayiri walielewa walivyoelewa. Na watu wadogo wasio na serikali ya kuwatetea je? Katika miji ya nchi za Magharibi watu wenye sura za Kichina walitukanwa na kupigwa njiani, na huko Guangzhou, nchini China, mwezi wa Aprili 2020 Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli wakalala barabarani. Kila upande ulimwona mwenzake kuwa ndiye mwenye ugonjwa.

Basi gharama ipo, na kijana wa Kitura hakukosea kuihesabu. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kwamba aliihesabu upande mmoja tu.

Tuitazame Kurani Tukufu. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 7 (sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, kwa hiyo katika misahafu ya wengine utaikuta kuwa ya 6), waumini wanaamrishwa kwamba mtu mwovu akiwajia na habari, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutokujua, kisha wakabaki wakijutia walilolitenda. Jambo linaloamrishwa hapo ni tabayyun, yaani kulitafuta jambo mpaka libainike. Kisha baada ya aya chache tu, katika aya ya 13 ya sura hiyo hiyo, waumini wanakatazwa dhana nyingi, na wanakatazwa tajassus, yaani kupeleleza na kupekua siri za watu. Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba aya moja yafungua mlango na nyingine yaufunga. La hasha! Ya kwanza yahusu jambo, ya pili yahusu mtu. Anayefanya tabayyun huuliza: kimetokea nini, na kimetokeaje? Anayefanya tajassus huuliza: nani nimwaibishe?

Na sasa msomaji aangalie vizuri sababu iliyotolewa katika aya ile ya 7, maana wengi huipita. Haikusemwa kwamba mchunguze ili mwenye kosa apatikane. Imesemwa mchunguze ili wasio na kosa wasidhurike. Maana yake ni kwamba, mbele ya Mwenyezi Mungu, habari isipochunguzwa haikai kimya mahali pake ikilala, kama kijana wetu alivyotumaini. Huinuka ikatembea, ikamtafuta mtu wa kumdhuru. Mwenye kupima kama uchunguzi unastahili gharama yake hana budi kuuliza pia ni nani atakayelipa usipofanywa.

Hapa baadhi ya ndugu zetu Waislamu huleta hoja nyingine. Wao husema: maradhi ni amri ya Mungu, basi kuchimba asili yake ni upungufu wa imani. Huitegemeza hoja hiyo juu ya Hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahih Bukhari. Imesimuliwa kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alipofundisha kuwa maambukizo hayana nguvu yao yenyewe, Bedui mmoja alimwuliza juu ya ngamia wake: walikuwa mchangani wazuri kama paa, akaja ngamia mwenye upele akachanganyika nao, wote wakapata upele. Mtume s.a.w. akamrudishia swali: basi yule wa kwanza aliambukizwa na nani?

Kuna watu huyachukua maneno haya wakasema hakuna ugonjwa unaoambukiza. Lakini Mtume huyo huyo s.a.w. alikataza ngamia wagonjwa wasipelekwe kwa ngamia wazima, na aliagiza mtu amwepuke mwenye ukoma kama anavyomkimbia simba. Wengine husema kwamba kwa swali lile alilifunga jambo la asili, watu wasiulize tena. Mimi naliona kinyume. Yule Bedui alikuwa amekwisha kumpata mshitakiwa wake, ngamia mgeni mwenye upele, akaridhika kusimama hapo. Mtume s.a.w. hakumwacha asimame hapo. Alimsukuma nyuma zaidi: na huyo je, aliupata wapi? Nyuma ya ngamia yuko ngamia, na nyuma ya sababu zote yuko Yeye Aliyeziumba. Aliyemfahamu Muumba wa sababu hawezi kumfanya jirani yake, au ngamia wa jirani yake, kuwa mungu wa maradhi. Ngamia yule alikuwa mgonjwa, hakuwa mkosaji.

Na wafuasi wake walielewa hivyo. Mwaka wa 18 Hijria Hadhrat Umar r.a. alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipokewa na habari kwamba tauni imeingia nchini mbele yake. Hakuibeza habari ile wala hakukimbia kwa hofu. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na baada ya kuwasikiliza wote akaamua kurudi. Hadhrat Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Hadhrat Umar akajibu kwamba naam, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji na ngamia zake katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Ndipo Hadhrat Abdur-Rahman bin Auf r.a., ambaye hakuwapo katika shauri lile, akaja akaeleza kwamba alimsikia Mtume s.a.w. akiagiza kwamba tauni ikiwa katika nchi msiiingie nchi hiyo, na ikiwakuta ndani yake msitoke kwa kuikimbia.

Mara nyingi twayasoma maagizo haya mawili kana kwamba yana uzito mmoja. Hayana. Aliyeambiwa asiingie hupoteza safari yake tu. Aliyeambiwa asitoke huenda akapoteza roho yake, naye huipoteza kwa ajili ya usalama wa watu asiowajua. Ndiyo maana yule atakayebaki kwa subira na kumtumaini Mungu aliahidiwa na Mtume s.a.w. thawabu ya shahidi. Basi aliye nje ana deni kwa aliye ndani. Akifunga mlango, aupitishie chakula na dawa. Hilo silo lililotendwa mwaka 2021. Wale waliosema kweli walifungiwa mlango na kutozwa faini, na dhambi hiyo si ya uchunguzi. Ni ya wale walioufanya ukweli kuwa kosa. Ukimpiga mtoto kila anapokuambia nyumba inaungua, siku moja atakaa kimya, na utaungua naye.

Ama kuhusu Masihi Aliyeahidiwa a.s., watafutaji wa haki huniuliza mara kwa mara: ninyi Waahmadiyya mwasema tauni ya Punjab ilikuwa alama ya ukweli wake, sasa alama ya Mungu huchunguzwa kwa darubini? Jawabu ni historia yenyewe. Tauni ilifika Bombay mwaka 1896. Serikali ya Waingereza iliitafuta nyumba kwa nyumba, na huko Poona iliitafuta kwa askari walioingia mpaka vyumba vya wanawake, wakachoma na kutupa vyombo vya watu. Hasira ikawaka, na mwezi wa Juni 1897 afisa aliyesimamia kazi ile, Rand, akapigwa risasi. Huo ulikuwa uchunguzi uliofanywa kwa kiatu. Mwaka 1898 yalitokea mambo mawili katika nchi ile ile ya Bara Hindi. Mwezi wa Februari Seyyidna Ahmad a.s. alitangaza kwamba ameonyeshwa malaika wakipanda miti myeusi ya kutisha katika Punjab, naye akaambiwa kuwa ndiyo miti ya tauni itakayoenea. Wakati huo Punjab ilikuwa imeguswa kidogo tu. Mwezi wa Juni, huko Karachi, daktari wa Kifaransa aitwaye Paul-Louis Simond alithibitisha kwa majaribio kwamba tauni huchukuliwa kutoka panya hadi panya na viroboto. Mwezi wa Februari mbingu zilitoa habari, na mwezi wa Juni ardhi ikaonyesha njia. Ni nani aliyeona mgongano hapo? Seyyidna Ahmad a.s. mwenyewe, alipoifasiri habari ya mnyama wa ardhini iliyomo katika Sura An-Naml, aya ya 83, alieleza kwamba ni kijidudu hicho cha tauni, kwani neno lililotumika katika aya laweza kuwa na maana ya kusema na pia ya kujeruhi. Na katika kitabu chake Kishti-e-Nuh, yaani Safina ya Nuhu, alichokitoa mwaka 1902, aliisifu nia ya serikali katika kuwachanja watu, ingawa kwa nafsi yake na wale wa nyumbani mwake alibaki katika ahadi maalumu ya Mungu ili alama iwe wazi. Wafuasi wake aliwahimiza usafi wa miili na nyumba, na ugonjwa ukiingia mtaani watoke wakae uwanjani penye hewa. Hakumtafuta aliyeileta tauni amchome nyumba yake.

Maana hilo ndilo linalotendeka pale ambapo jawabu la kweli halipo. Ndugu msomaji uliyelelewa katika Ukristo, kumbuka kisa cha kipofu katika Injili ya Yohana, mlango wa 9. Wanafunzi hawakumwuliza Nabii Isa a.s. jinsi upofu unavyotokea. Waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake. Naye akakataa mashitaka yote mawili. Swali la “nani” ndilo linalotutangulia kinywani sisi wanadamu, na huku kwetu kusini twalijua vizuri. Miaka ya 1950 na 1960 watu walisafiri kutoka Tanganyika mpaka Nyasaland kwenda kwa mganga aliyejulikana kwa jina la Chikanga, awaambie ni nani katika ukoo wao aliyeleta kifo. Wazee wengine bado wanazikumbuka safari hizo. Na UKIMWI ulipotokea kando ya Ziwa Victoria miaka ya 1980 mwanzoni, watu wa Kagera walisema umetoka Uganda pamoja na magendo, na watu wa Rakai walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa. Ziwa moja, kila ukingo ukiunyooshea mwenzake kidole. Sisi wa Ziwa Nyasa tusiwacheke. Kipindupindu kilipowaua watu zaidi ya 1,700 nchini Malawi tangu mwaka 1922 wa Hijria ya akili zetu — nisamehewe mzaha huu. Nasema mwaka 2022 na 2023 — nilisikia kwa masikio yangu maneno juu ya mitumbwi ya Wamalawi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote umetoka mbali. Mwezi wa Oktoba 2010 kipindupindu kilizuka Haiti, kisiwani huko Karibi, mahali ambapo hakikuwa kimejulikana kwa karne nzima. Waliokufa kwanza walikuwa watu wanaokunywa maji ya mto Artibonite na vijito vyake. Juu ya kijito kimojawapo, karibu na mji wa Mirebalais, palikuwa na kambi ya askari wa amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal, na uchafu wa kambi ulikuwa ukiingia majini. Watu walipouliza, wakubwa wengi walijibu kwamba kutafuta chanzo si jambo la haraka. La haraka ni kutibu wagonjwa. Angalieni, ni maneno ya kijana wetu wa Kitura, ila yalisemwa na watu wenye suti. Na je, jambo likalala? Kabla ya mwaka ule kwisha watu zaidi ya 40, wengi wao makuhani wa dini ya jadi iitwayo vodou, waliuawa na makundi ya wenzao kwa mapanga, mawe na moto, kwa kudhaniwa kuwa wao ndio wanaomwaga unga wa kipindupindu. Wakati huo huo daktari wa Kifaransa, Renaud Piarroux, alikuwa ameufuata ugonjwa kijiji kwa kijiji mpaka kwenye kijito kile, na mwaka 2011 vipimo vya vijidudu vikaonyesha kwamba vya Haiti na vya Nepal ni ndugu wa damu. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, aliwaomba radhi watu wa Haiti mwezi wa Desemba 2016. Wakati huo waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wakikaribia 10,000. Wale makuhani walikuwa wamekwisha kuzikwa miaka sita.

Je, uchunguzi ule uliwadhalilisha Wanepali? Naam, kwa kiasi. Lakini uliposemwa ukweli wenyewe, ulisema habari ya mabomba na mashimo ya choo, si habari ya rangi wala dini ya askari. Dhana ndiyo iliyokuwa na majina ya watu.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kazi kama hiyo ni ya Wazungu peke yao. Mwezi wa Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu waliugua homa, kichwa na uchovu mkubwa, na wengine wakatokwa damu puani. Watatu walikufa. Mitaani yalikwisha kusemwa mengi. Wizara ya Afya ikapeleka wataalamu. Wakapima, haikuwa Ebola, haikuwa Marburg, haikuwa korona. Ilikuwa homa ya mgunda, ambayo hutokana na maji na udongo ulioingia mkojo wa panya na wanyama wengine, nayo ina dawa. Jina likatangazwa hadharani, na uvumi ukakosa pa kukaa. Nalitaja hili kwa shukrani, kwa sababu twakumbuka pia kwamba katika korona, kuanzia Mei 2020, nchi yetu ilikaa zaidi ya mwaka bila kutangaza idadi ya wagonjwa, na katika kipindi hicho kila mtu aliyekohoa alikuwa na mnajimu wake.

Sasa turudi kwenye korona yenyewe na swali la soko na maabara. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa yake mwezi wa Juni 2025. Ilisema kwamba ushahidi uliopo unaelekea zaidi upande wa ugonjwa kutoka kwa wanyama, lakini kwamba jambo la maabara haliwezi kukataliwa wala kuthibitishwa, kwa kuwa habari nyingi zilizoombwa kutoka China hazikutolewa. Hapo ndipo ujuzi ulipofika, nami sitavuka. Katika Sura Bani Israil, aya ya 37, twakatazwa kufuata tusilolijua, na twaambiwa kwamba sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Mwahmadiyya anayesambaza kwa simu yake kwamba ugonjwa ulitengenezwa makusudi na taifa fulani, ajue kwamba ataulizwa. Na anayecheka kwamba haiwezekani kabisa, ajue vile vile. Lakini kusema “sijui” si kusema “tuache kutafuta”. Mpaka leo masoko ya wanyama hai yapo, na maabara zinazofuga virusi zipo, na moja katika njia hizo mbili iliwahi kupitisha mauti ya mamilioni. Mtu aliyeumwa na nyoka usiku ndani ya nyumba yake haridhiki kwa kuwa amepona. Huwasha taa akatafuta tundu, hata kama tundu hilo limo upande wa chumba cha mkwewe.

Nimekwisha kusema yangu. Yaliyobaki ni ya yule mzee.

Kijana alipokwisha kuuliza na mimi nilipokwisha kujibu vile nilivyojibu, mzee aliinua uso akasema, “Sheikh, mimi sijui soko la China. Najua ya kwetu.” Akatusimulia, nami naandika kwa idhini yake bila kutaja kijiji. Ilikuwa miaka mingi nyuma, wakati wa mvua, katika kijiji kimoja cha mwambao. Katika wiki moja watoto wanne walikufa kwa kuhara na kutapika. Palikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza togwa, na watoto wote wanne walikuwa wamekunywa togwa yake. Mmoja wao alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Watu wakasema amemtoa kafara ili asishukiwe. Akaletwa mpiga ramli, naye hakupata taabu kuona kile ambacho kila mtu alikuwa amekwisha kukiona. Jioni ile wakaibomoa nyumba ya mama yule na kuitia moto. Yeye alipata kukimbia, akapanda milimani kwa kaka yake usiku ule ule.

Siku ya tatu akafika bwana afya. Hakuuliza mchawi ni nani. Aliuliza nyumba kwa nyumba maji wanateka wapi. Nyumba zote zilizofiwa zilikuwa zikiteka katika kijito kimoja, na mama yule pia aliteka humo maji ya togwa yake. Akakifuata kijito kile kwenda juu mpaka kwenye dago la wavuvi wa usipa, waliokuwa wamepiga kambi hapo bila choo. Dago likafungwa mwezi mzima, na msimu wa usipa ukawapita. Wavuvi walinung’unika sana kwamba bora bwana yule asingekuja. Lakini katika mkutano wa kijiji alizungumza juu ya choo tu, hakumtaja mvuvi hata mmoja, na watu wakawasaidia kuchimba, na nyumba kadhaa zikawapa unga wa muhogo mpaka mwezi ukaisha.

Kijana akamwuliza, “Mzee, wewe ulikuwa wapi wakati huo?”

Akasema, “Mimi nilikuwa wa dago. Na siku ile ya moto nilikuwa miongoni mwa walioshika nyasi.”

Alituambia kwamba alipohamia huku milimani alimtafuta yule mama ili amweleze habari ya maji. Ilimchukua muda kumpata kaka yake. Mama alikuwa amekwisha kufa, naye mpaka siku ya kufa kwake hakuna aliyepanda kumwambia kwamba kijito kilipimwa, na pale alipohamia watu walikuwa wakiwakataza watoto wao kupita mlangoni kwake. Mzee akamweleza kaka yake mambo yote, pamoja na lile la nyasi. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kitu kimoja tu: kama mlikwisha kujua, mbona hamkuja?